Fundi wa Bwawa la Shangazi

Duka la vifaa vya ujenzi siku ya Jumamosi asubuhi halina adabu. Huyu anataka misumari, yule anadai rangi aliyouziwa siyo aliyoonyeshwa, mwingine amebeba bomba refu begani na kila akigeuka watu wanainama kuokoa vichwa vyao. Katikati ya vurugu hiyo alisimama kijana mrefu mwenye kandambili miguuni na fulana iliyofubaa kwa klorini, mkononi ameshika tyubu tatu za gundi na rola ya utepe mweusi. Alikuwa mwalimu wa kuogelea. Watu wote walimwita Kocha, hata shangazi yake aliyemlea.

"Samahani, kaka," sauti ilimjia kutoka nyuma ya foleni. "Unaenda kugundisha nini na hayo yote?"

Aligeuka. Alikuwa dada wa rika lake, amevaa ovaroli ya buluu iliyokunjwa mikono hadi kwenye viwiko, penseli sikioni, na kichwani kitambaa cha njano kilichofungwa kwa madaha kana kwamba huko aendako ni harusini. Mashavu yake yalikuwa na vishimo viwili vilivyoanza kuonekana kabla hata hajacheka.

"Bwawa la kuogelea," Kocha alijibu. "Linavuja."

"Kwa gundi ya viatu?"

Watu wawili watatu kwenye foleni waliangua kicheko. Kocha akaitazama tyubu. "Imeandikwa inashika kila kitu."

"Itashika vidole vyako. Bwawa litaendelea na safari zake."

"Na wewe unajua nini kuhusu mabwawa?"

 Dada aligeuka tu, akamwonyesha mgongo. Juu ya ovaroli, kwa herufi nyeupe, paliandikwa: LAINA ZA MABWAWA. TUNAZIBA, TUNASAFISHA, TUNABADILISHA. Chini yake palikuwa na namba ya simu.

"Hii namba ni yako?" Kocha aliuliza.

"Ya baba yangu. Yangu haiandikwi mgongoni."

"Inaandikwa wapi?"

"Kwenye simu za wateja wanaorudisha gundi ya viatu rafuni."

Kocha alitoka kwenye foleni mbio, akarudisha tyubu zote tatu, na nafasi yake ikachukuliwa na yule mwenye bomba. Hakujali. Namba aliipata.

Bwawa lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba ya wageni ya Shangazi, nyumba ya vyumba vinane yenye baraza refu. Halikuwa la vigae. Ndani yake lilitandikwa turubai zito la vinaili lenye rangi ya samawati, ambalo mafundi huliita laina. Likitoboka hilo, maji yote ni ya ardhi. Na lilikuwa limetoboka. Kila kukicha maji yalipungua vidole vinne, na Kocha alikuwa na darasa la wanawake kumi na wawili, wengi wao wamevuka hamsini, ambao baada ya wiki sita wangevuka bwawa lile mbele ya watoto na wajukuu wao. Mwanafunzi wake mkubwa alikuwa Mama Posta, aliyestaafu kazi ya kugonga mihuri ya barua. Mama Posta alikuwa ameogopa maji tangu utotoni. Ilimchukua mwezi mzima kukubali kuyalowesha masikio.

Fundi, yule dada wa ovaroli, alifika Jumatatu mchana na begi moja tu. Aliwasalimu wote, akamwamkia Shangazi kwa heshima, kisha akamwambia Kocha azime pampu.

"Maji yakitulia ndiyo yanasema ukweli," alisema.

Alivaa miwani ya kuzamia, akashuka majini na bomba la sindano lililojaa rangi nyekundu. Alipitapita ukutani taratibu, akidondosha tone hapa, tone pale. Rangi ilielea tu kama moshi usio na haraka. Alipofika chini ya ngazi, uzi mwembamba mwekundu ukavutwa sakafuni, ukapotea.

Aliibuka akihema. "Nimemkamata mwizi."

"Mkubwa?"

"Mdogo kama ukucha. Wezi wadogo ndio wanaomaliza nyumba."

Alikata kiraka cha vinaili, akakizungusha kingo kiwe duara. Kocha alitaka kujua kwa nini kisiwe cha pembe nne, kionekane nadhifu.

"Pembe huanza kubanduka," Fundi alisema. "Kitu cha duara hakina pa kuanzia ugomvi."

"Kumbe natakiwa nitafute mke wa duara."

"Tafuta kwanza brashi laini." Alikipaka kiraka gundi inayokaukia majini, akazama, akakikandamiza kutoka katikati kwenda nje mpaka hewa yote ikatoka, kisha akakiwekea juu mfuko wa mchanga. Alipotoka aliketi ukingoni, maji yakimchuruzika, akaanza kumpa maagizo. "Nisikilize, Kocha. Laina hii ina miaka kumi na miwili. Kiraka kitashika, lakini yenyewe ilelewe kama mgonjwa. Mstari wa uchafu ule wa juu, ufute kwa sifongo na magadi. Usiguse brashi ya waya. Na klorini ya chenga iyeyushe kwenye ndoo kwanza, usiimwage kavu. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Alikuwa amesikia neno moja katika matano. Mengine yote yalimezwa na vile vishimo vya mashavuni.

Jioni ile ile alipiga simu.

"Fundi, kuna tatizo."

"Kiraka?"

"Hapana. Kiraka kizima. Tatizo ni fundi mwenyewe. Ameondoka, na hakuacha maelekezo ya namna ya kukaa bila yeye."

Upande wa pili kikasikika kicheko kilichozuiliwa kwa kiganja. "Kocha, una maneno wewe. Kalale."

"Saa moja hii?"

"Basi kawatazame wanafunzi wako wasizame."

Mwezi uliofuata simu hazikukauka. Kocha alimpigia Fundi asubuhi kumwambia maji hayajashuka hata nusu kidole. Akampigia mchana kumwambia maji bado yapo. Walikutana kunywa juisi karibu na karakana ya baba yake Fundi, Fundi amevaa gauni jekundu lenye mkanda, Kocha akashindwa kumtambua mpaka aliposema, "Funga mdomo, nzi wataingia." Walitembea mtaa mzima wakibishana kama samaki hulala. Siku moja Fundi alimfundisha kusikia kwa kiganja sehemu ambapo laina imeachia ukuta. Siku nyingine Kocha alimfundisha kuelea chali, kwa kuwa miaka yote Fundi aliingia majini kikazi tu na hakuwahi kulalia maji.

"Legeza shingo, kipenzi," Kocha alimwambia, kiganja chake kikiwa chini ya mgongo wake. "Nimekushika."

"Ukiniachia nitakupaka gundi."

"Nimekuachia zamani."

Alifumbua macho, akaona mikono yote miwili ya Kocha iko juu hewani. Akacheka hadi akanywa maji.

Wiki ile ile Fundi alitamka neno zito, kwa sauti nyepesi kama mtu anayeuliza saa. "Jumapili nitakuja na baba. Anataka kuona kazi yangu."

"Kazi yako tu?"

"Na nani anaitunza."

Hapo ndipo kijana alipoharibikiwa na furaha. Ijumaa alasiri, darasa lilipoondoka, aliliangalia bwawa akaliona chafu kama sufuria la shughuli. Baba mkwe mtarajiwa angeona ule mstari wa kijivu! Akachukua brashi ya waya yenye mpini mrefu aliyoikuta stoo, akasugua kuta na sakafu ya kina kirefu mpaka mabega yakamuuma. Kisha akafungua debe la klorini ya chenga, akaimwaga kavu kavu, nyingi, pale chini alipoona kijani kidogo. Akajisifu, akaenda kupiga pasi shati.

Jumamosi asubuhi Shangazi alipiga ukelele ulioamsha wageni vyumba vyote vinane. Maji yalikuwa yamebaki kiunoni upande wa kina kirefu, yamechafuka, na kwa mbali, karibu na ngazi, laina ilionekana imechanika urefu wa mkono mzima.

"Si ni palepale alipoziba yule binti?" Shangazi alifoka.

Kocha alitazama kutoka juu. Ilionekana palepale. Akapiga simu, kichwa kikimwaka moto. "Kiraka chako kimetuangusha."

"Kimefanyaje?"

"Kimebanduka na kuchana laina nzima. Mama zangu wana wiki mbili, Fundi! Ungeniambia tu kwamba hukuwa na uhakika na kazi yako."

Alifika baada ya nusu saa kwa pikipiki ya kukodi, bado amevaa gauni la nyumbani. Alisimama ukingoni, akatazama. Shangazi alikuwa amejishika kiuno. Wageni walikuwa wamejipanga barazani wakitafuna habari.

"Umeshuka kukitazama?" alimwuliza Kocha, taratibu.

"Kushuka kufanya nini, si kinaonekana?"

"Nimekuuliza, umeshuka?"

"Fundi, usinipeleke huku na huku. Kosa likitokea mtu hukubali."

 Kilichomchoma Fundi hakikuwa laina. Laina huchanika, ndiyo maana kazi yake ipo. Kilichomchoma ni kwamba yule aliyemlaza juu ya maji akamwambia amemshika, alikuwa amemhukumu mbele ya baraza zima bila kulowesha hata kidole cha mguu.

"Sawa," alisema. "Kesho hatutakuja."

Aliondoka. Simu haikupokelewa siku hiyo, wala ya pili, wala ya tatu. Mama Posta alipokuja darasani na mfuko wake wa taulo na kukuta bwawa tupu, aliketi ukingoni akaning'iniza miguu.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimeshaogopa vya kutosha. Nilikuwa nataka nimalize. Sasa tunafanyaje?"

 Siku ya nne, kwa kukosa la kufanya, Kocha alishuka kwenye bwawa kavu na ndoo ili aondoe tope. Alipofika chini ya ngazi aliinama. Kiraka kilikuwa pale pale, kimegandamana na laina kama kimezaliwa nayo. Alijaribu kukinyanyua kwa ukucha, ukucha ukavunjika. Mchaniko ulikuwa hatua moja kando. Ulianzia kwenye doa kubwa jeupe, gumu, lililokauka kama ganda la yai, pale pale alipomwaga klorini kavu, na kuzunguka doa hilo mikwaruzo ya brashi ya waya ilipita huku na huko kama ya paka mwenye hasira.

Alikaa chini kwenye tope.

"Kocha!" Shangazi alimwita kutoka juu. "Umeanguka?"

"Nimeanguka, Shangazi. Tangu Ijumaa." Kisha akamwambia yote, la brashi na la debe, bila kujipunguzia hata kidogo.

Shangazi alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Yaani nimemkoromea mtoto wa watu mbele ya wageni, na mharibifu amekaa mezani kwangu anakula?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Laina nitanunua mimi, baraza litasubiri rangi mwakani. Lakini maneno yako utayabeba mwenyewe. Oga kwanza, unanuka."

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye rola za vinaili zimeegemea ukuta kama watu wanaosubiri kuitwa. Mzee wake Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda akinoa kisu cha kukatia. Fundi alikuwa mezani, amepinda mgongo, anapanga vipimo vya mteja mwingine. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye nani?"

"Mimi ndiye... Kocha."

"Ahaa." Mzee alipitisha kisu kwenye jiwe, shwaa, shwaa. "Huyo anayeona kiraka kutoka ghorofani."

Kocha alisogea mbele. "Ndiye mimi. Nimekuja kumwomba msamaha binti yako, na nitausema hapa mbele yako, maana nilimkosea mbele ya watu." Akamgeukia Fundi. "Kiraka chako ni kizima. Mimi ndiye niliyesugua kwa waya, mimi ndiye niliyemwaga dawa kavu. Uliniambia na sikusikiliza. Lakini hilo ni la bwawa. La kwako ni kwamba nilikulaumu kabla ya kutazama. Na uliponiuliza kama nimeshuka, nikakujibu kama mtu anayejua. Nilikuwa sijui kitu. Nisamehe."

Penseli ilisimama juu ya karatasi.

"Kwa nini ulisugua?" Fundi aliuliza, bado hajainua kichwa.

"Baba yako alikuwa anakuja. Nilitaka ling'ae."

Mzee alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko, akaweka kisu chini. "Mama yenu ananiita," alisema, ingawa hakuna aliyesikia mtu akiita, akatoka.

Fundi alinyanyua uso. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo. "Unajua nilivyojisikia? Nilirudi nyumbani nikaanza kujiuliza kama kweli nilikikandamiza vizuri. Mimi! Miaka tisa ya kazi. Ulinifanya niitilie shaka mikono yangu."

 Kocha aliangalia sakafu.

"Kazi ni kazi," Fundi alisema hatimaye. "Nitakuja kupima. Laina mpya huchukua siku nane kutengenezwa. Mama Posta hana kosa. Mengine... tutaona."

Katika kupima, Kocha alishika ncha ya pili ya futi na kutaja namba. Kila kona Fundi aliipima mara mbili, na namba zilipolingana aliitikia kwa kichwa tu. Siku ya tatu alipokea simu yake. Siku ya tano alimcheka. Siku ya saba alimwita "mpenzi" kwa bahati mbaya, akakata simu kwa aibu, kisha akapiga tena kusema haikuwa bahati mbaya.

Laina ilipofika, ilikuja imekunjwa kama godoro, nzito mpaka ikahitaji watu sita. Darasa zima lilijitokeza kusaidia. Kumi na wawili wale walivua viatu, wakapandisha kanga na magauni, wakapokea amri za Fundi aliyevaa ovaroli safi na kitambaa chake cha njano.

"Kwanza tunaianika juani iwe laini. Tusiiburute! Mama yangu, pete hiyo ivue, itakwaruza."

Waliitandaza, wakaishika kingo, wakaishusha pamoja kwa kuhesabu. Fundi alizunguka akiingiza ukingo kwenye mfereji wake wa juu, tak, tak, tak, kidole gumba kikisukuma sentimita kwa sentimita. Kisha akachomeka bomba la mashine ya kufyonza hewa nyuma ya laina, akaziba pengo kwa utepe, akawasha. Mashine ikanguruma. Mikunjo yote ikaanza kujivuta, kuta zikajinyoosha, na lile turubai lililokuwa limelegea likakamatana na bwawa kama glovu na kiganja.

"Mashallah!" Shangazi alipiga makofi. Kisha akamsogelea Fundi, akamshika mkono. "Mwanangu, siku ile nilikuropokea. Mdomo wangu hauna breki."

"Yamekwisha, Shangazi."

"Yamekwisha kwako. Kwangu bado. Leo na kesho unakula hapa, na baba yako."

Maji yalipoanza kuingia, Fundi na Kocha walibaki chini peku, maji kwenye vifundo vya miguu, wakisukuma kwa nyayo mikunjo midogo iliyosalia kutoka katikati kwenda kando. Jua lilikuwa kali na laina mpya ilitupa mwanga wa samawati hadi kwenye nyuso zao.

"Bado una kinyongo?" Kocha aliuliza.

"Kidogo. Pale kwenye kona."

"Nikisukume?"

"Taratibu. Usitumie waya."

Jumapili ya maonyesho viti havikutosha. Watoto walikaa chini, wajukuu wakakaa juu ya watoto. Wanafunzi kumi na mmoja walivuka, wengine kwa madoido, mmoja kwa matusi. Wa mwisho alikuwa Mama Posta, amevaa nguo nyeusi ya kuogelea ya mikono mirefu na kofia nyeupe ya mpira. Alisimama majini akashika ukingo kwa muda mrefu.  Kisha akaachia.

Alikwenda polepole, kichwa juu, midomo imebana. Katikati alisita, akaanza kuzama upande, na binti yake akasimama ghafla. Kocha alikuwa tayari majini, lakini alijizuia, akawa anarudi nyuma hatua kwa hatua mbele yake. "Njoo, Mama. Sikugusi. Njoo." Mama Posta alipiga mguu, akapiga tena, na mkono wake ukagonga ukuta wa pili.

"Nimefika!" alipaza sauti. "Jamani, nimefika mimi!"

Vigelegele viliruka hadi mtaa wa pili. Binti yake aliingia majini na nguo zake za kutokea. Kocha alipanda juu, kifua kikimpanda na kushuka, akamwona Fundi amesimama kando ya baba yake katika gauni jekundu, anapangusa machozi kwa kiganja bila kujificha. Hakupanga maneno. Miguu ndiyo iliyompeleka.

"Mzee," alisema, maji yakimtiririka hadi kwenye viatu vya yule mzee, "naomba ruhusa yako. Nataka kumwoa binti yako."

Mzee alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mbona unaniuliza mimi? Unataka kuishi na mimi?"

Watu walicheka. Kocha akamgeukia Fundi, na cheko lote likakatika.

"Fundi wangu. Nitakukosea tena, sitakudanganya. Lakini sitakuhukumu tena nikiwa nimesimama mbali. Utaolewa na mimi?"

Fundi alimwacha asubiri. Alimwacha kiasi cha kutosha hata Shangazi akaanza kujipepea.

"Nitaolewa na wewe," alisema, na vile vishimo vikajichimba mashavuni. "Lakini kavae shati kwanza. Nitamwambiaje mama nimeposwa na mtu kifua wazi?"

Kocha aligeuka akatoka mbio kuelekea chumbani, maji yakiruka kila upande.

"Wewe!" Shangazi akamfokea mbele ya umati wote. "Usikimbie kando ya bwawa!"